Mkunga anayeaminika au hospitali iliyo karibu? Uamuzi mgumu wa wajawazito Kachibora

KATIKA maboma mengi ya Kachibora, Kaunti ya Trans Nzoia, jina la mtu husimulia namna alivyozaliwa. Miongoni mwa Wabukusu, mvulana aliyezaliwa njiani huitwa Wangila na msichana huitwa Nangila. Miongoni mwa Wakalenjin, Kipsang ni yule aliyezaliwa nje ya nyumba, ilhali Kipchumba na Chepchumba ni majina waliyopewa waliozaliwa hospitalini au mahali palipokuwa na Wazungu.

Majina hayo yanaonyesha kwamba swali la mama ajifungulie wapi halikuanza jana. Hadi leo swali hilo huulizwa kila mimba inapokaribia miezi tisa, na jibu lake laweza kuamua iwapo mama na mtoto watarudi nyumbani wakiwa hai.

Upande mmoja yuko mkunga wa jadi, mama mtu mzima anayejulikana kijijini, ambaye huenda ndiye aliyempokea mjamzito mwenyewe siku alipozaliwa. Upande wa pili ipo Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Kachibora, na mbele yake, zaidi ya kilomita 20 kuelekea magharibi, zipo hospitali kubwa za mji wa Kitale.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ni wao hao waliosema fimbo ya mbali haiui nyoka. Mjamzito wa Kachibora hujikuta kati ya methali hizo mbili: amwendee anayemjua, au apaendee palipo na silaha ya kupambana na hatari?

Kwa nini mkunga huaminika

Si haki kuwadharau akina mama wanaomchagua mkunga wa jadi, kwa kuwa sababu zao ni za maana.

Kwanza, mkunga huja mwenyewe. Uchungu ukianza saa nane za usiku, mvua ikinyesha na barabara ya udongo ikiwa haipitiki, bodaboda ya kwenda mjini haipatikani kwa urahisi. Mkunga huvuka tu shamba la mahindi na kufika. Kwa familia zilizo Chepsiro, Kiptoror au Suwerwa, chini ya milima ya Cherangany, jambo hilo lina uzito mkubwa.

Pili, mkunga huzungumza lugha ya mama na kuzijua desturi za nyumba. Hujua kondo la nyuma lizikwe wapi na nani asiingie chumbani. Humpa mama uji na kumkanda mgongo, tena humwacha achuchumae au apige magoti apendavyo.

Tatu, malipo yake hayana masharti. Anaweza kupewa kuku, gorogoro za mahindi, au ahadi itakayotimizwa baada ya mavuno. Hamwulizi mtu kadi wala risiti.

Nne, hospitali zenyewe zimewahi kufungwa. Madaktari wa umma waligoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017. Wauguzi nao waligoma kuanzia Juni hadi Novemba mwaka huo wa 2017, kisha madaktari wakarudi barabarani kati ya Machi na Mei 2024. Mimba haisubiri maafikiano ya serikali na chama cha wafanyakazi. Katika miezi hiyo, mlango uliobaki wazi kwa mama maskini ulikuwa wa mkunga.

Licha ya hayo, mwelekeo wa taifa umebadilika sana. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2008 na 2009 ulionyesha kwamba asilimia 44 pekee ya watoto walizaliwa mikononi mwa wahudumu wenye ujuzi wa kitaaluma. Mwaka 2014 kiwango hicho kilifika asilimia 62, na kufikia mwaka 2022 kilikuwa asilimia 89.

Jambo mojawapo lililochangia mabadiliko hayo ni tangazo la Rais Uhuru Kenyatta la Juni 1, 2013, Sikukuu ya Madaraka, kwamba huduma za kujifungua katika vituo vya umma zitakuwa bila malipo. Mpango wa Linda Mama uliofuata mwaka 2016 uliendeleza huduma hizo kupitia Bima ya Taifa ya Afya, NHIF.

Yaliyotokea Bungoma

Hata hivyo, kuondoa malipo hakukuondoa hofu. Miezi miwili tu baada ya tangazo hilo, mnamo Agosti 2013, kisa kimoja katika hospitali ya Bungoma kiliwatikisa Wakenya.

Mama mmoja aliyelazwa humo ili aanzishwe uchungu kwa dawa alilazimika kujinunulia baadhi ya vifaa. Wakati wa kujifungua ulipowadia, alikuta vitanda vya chumba cha uzazi vimejaa. Alianguka akiwa ukumbini na kujifungulia sakafuni. Badala ya kusaidiwa, alitukanwa na kupigwa, huku mtu mmoja akinasa tukio hilo kwa simu.

Mnamo Machi 2018, Mahakama Kuu mjini Bungoma iliamua kwamba haki zake za kikatiba zilikiukwa, zikiwemo haki ya kuheshimiwa utu wake na haki ya afya. Iliagiza alipwe fidia ya Sh2.5 milioni na aombwe msamaha rasmi.

Uamuzi huo uliweka wazi kwamba Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachompa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya, ikiwemo afya ya uzazi, hakitimizwi kwa kujenga kuta na kununua vitanda pekee. Namna mama anavyohudumiwa ni sehemu ya haki hiyo.

Habari za namna hiyo husafiri upesi kuliko mabango ya Wizara ya Afya. Mwanamke wa Kachibora akisikia yaliyompata mwenzake wa kaunti jirani, haoni sababu ya kuacha mikono anayoiamini. Matusi ya muuguzi mmoja yanaweza kuwarudisha wanawake wa kijiji kizima kwa mkunga.

Sifa ya mkunga na hesabu yake

Ili kuelewa mahali ambapo imani hiyo inaweza kumponza mama, ni vyema kutazama hesabu.

Uzazi mwingi huenda salama, awepo mkunga, muuguzi au jirani tu. Shirika la Afya Duniani, WHO, limekuwa likikadiria kwamba takriban asilimia 15 ya wajawazito hupata matatizo yanayohitaji msaada wa kitaalamu. Maana yake ni kwamba katika kila wanawake 100, takriban 85 hujifungua bila tatizo kubwa.

Sensa ya mwaka 2019 ilikadiria vifo 355 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai nchini Kenya. Hicho ni kifo kimoja kwa takriban kila watoto 280. Idadi hiyo ni kubwa mno kwa taifa, lakini ni ndogo machoni pa mtu mmoja.

Hivyo basi, mkunga wa jadi anaweza kuzalisha watoto 100, au hata 200, bila kumpoteza mama yeyote. Sifa yake itakuwa ya kweli na wala hatakuwa amemdanganya mtu. Lakini sifa hiyo haisemi lolote kuhusu kitakachotokea siku mama wa 201 atakapoanza kuvuja damu. Rekodi njema ya mkunga huonyesha kwamba uzazi wa kawaida ameuweza. Haionyeshi kwamba anaweza kuukabili uzazi ulioharibika.

Jambo gumu zaidi ni kwamba hakuna anayeweza kutabiri kwa uhakika ni mama yupi atakayepata tatizo. Wapo walio katika hatari kubwa inayojulikana mapema: wenye mimba ya kwanza, waliowahi kufanyiwa upasuaji wa uzazi, wenye mapacha, wenye shinikizo la damu, waliozaa mara nyingi, na waliowahi kuvuja damu nyingi baada ya kujifungua. Hata hivyo, wengine huanza kuvuja damu baada ya mimba iliyokuwa shwari tangu mwanzo hadi mwisho.

Saa mbili za uhai

Wataalamu wa afya ya uzazi huyapanga matatizo kulingana na muda yanaompa mama kabla ya kumuua endapo hatatibiwa. Makadirio yanayotumika tangu miaka ya 1990 yanafundisha mengi.

Maambukizi baada ya kujifungua yanaweza kuchukua takriban siku sita. Uchungu uliokwama, pale mtoto anaposhindwa kupita, huchukua takriban siku tatu. Kifafa cha mimba huchukua takriban siku mbili. Kupasuka kwa nyumba ya uzazi huchukua takriban siku moja.

Kuvuja damu baada ya kujifungua huchukua takriban saa mbili.

Hapo ndipo umbali unapokuwa suala la uhai. Mama mwenye uchungu uliokwama anaweza kuwahishwa Kitale hata kama familia ilichelewa kidogo kuamua, ingawa mateso yake ni makubwa na anaweza kubaki na ugonjwa wa fistula, wa kuvuja mkojo bila kujizuia. Anayevuja damu hana nafasi hiyo. Saa mbili hizo ndizo zinazopaswa kutosha kugundua hatari, kukubaliana, kutafuta gari, kusafiri, kupokelewa na kutibiwa.

Mnamo mwaka 1994, watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba akina mama hufa kwa sababu ya ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta msaada, kuchelewa kufika penye msaada, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Anayejifungulia nyumbani mbali na kituo hukabiliwa na yote matatu kwa mkupuo. Anayejifungulia hospitalini hubaki na la tatu pekee, nalo ni jukumu la hospitali.

Ni nini kilichopo hospitalini ambacho mkunga hana? Damu inapotoka baada ya mtoto kuzaliwa, mara nyingi chanzo chake ni nyumba ya uzazi kushindwa kujikaza. Hospitali ina dawa ya sindano ya oksitosini ya kuikaza, maji ya kutiwa mshipani na, katika hospitali kubwa, damu ya kuongezwa. Mkunga wa jadi ana mikono yake, maji ya moto na mitishamba.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, uliwahusisha wanawake zaidi ya 200,000. Wahudumu walitumia karatasi ya plastiki yenye alama za vipimo ili kujua kiasi hasa cha damu iliyomtoka mama, kisha wakatoa tiba zote kwa pamoja bila kusubiri. Visa vya kuvuja damu kwa kiwango cha kutisha vilipungua kwa asilimia 60. Tiba hizo zinahitaji kituo chenye dawa na watu waliofunzwa, na haziwezi kufanyika kwa mwanga wa koroboi.

Kifafa cha mimba nacho hutanguliwa na shinikizo la damu lisiloonekana kwa macho. Kipimo cha shinikizo, kinachofungwa mkononi kwa dakika moja, huligundua mapema. Utafiti wa kimataifa wa mwaka 2002 ulithibitisha kwamba dawa ya magnesiamu salfeti hupunguza kwa zaidi ya nusu uwezekano wa mama mwenye dalili hizo kupatwa na degedege.

Isitoshe, mtoto asiyelia hahitaji kupigwa makofi wala kumwagiwa maji baridi. Anahitaji kupuliziwa hewa kwa mfuko maalum na barakoa katika dakika yake ya kwanza. Vilevile, mama mwenye virusi vya HIV asiyepata huduma yoyote ana uwezekano wa kati ya asilimia 15 na 45 wa kumwambukiza mtoto wake, ilhali akipewa dawa na uangalizi uwezekano huo hushuka hadi chini ya asilimia 5.

Hospitali ipi?

Baada ya kuukubali ukweli huo, swali jingine huzuka: je, kila penye bango la afya panatosha?

Vituo nchini Kenya vimepangwa kwa ngazi. Zahanati ni ngazi ya pili, kituo cha afya ni ya tatu, hospitali ya kaunti ndogo ni ya nne, hospitali ya rufaa ya kaunti ni ya tano, na hospitali za rufaa za kitaifa, kama vile ya Moi iliyoko Eldoret, ni ya sita.

Kwa mujibu wa vigezo vya kimataifa, kituo kinachotoa huduma za msingi za dharura za uzazi kinapaswa kuweza kufanya mambo saba: kutoa dawa za kuua viini kwa sindano, dawa za kukaza nyumba ya uzazi, na dawa za kuzuia degedege, kuondoa kondo lililokwama kwa mkono, kusafisha mabaki ya mimba, kumsaidia mtoto atoke kwa kifaa cha kumvuta, na kumpa mtoto hewa. Kituo chenye huduma kamili huongeza mambo mawili, upasuaji wa uzazi na kuongeza damu.

Kwa hivyo, karibu hupimwa kwa namna mbili. Kuna ukaribu wa njia, na kuna ukaribu wa tiba. Zahanati iliyo dakika tano kutoka nyumbani, lakini inayofungwa jioni, iko mbali sana kwa mama anayejifungua usiku wa manane.

Uchunguzi wa kwanza wa kitaifa kuhusu vifo vya akina mama hospitalini nchini Kenya, uliopitia vifo vya mwaka 2014, ulibaini kwamba kuvuja damu ndicho kilichoongoza, kikisababisha takriban vifo vinne kati ya kila 10. Aidha, ulionyesha kwamba katika takriban vifo tisa kati ya 10, huduma waliyopewa akina mama haikufikia kiwango kinachofaa. Hospitali hizo zilikuwa karibu na mama, lakini tiba ilikuwa mbali.

Matokeo hayo hayamrudishi mama kwa mkunga. Yanamtaka aulize maswali mapema, wakati wa kliniki ya wajawazito, kabla ya uchungu kuanza. Je, kituo hiki kina muuguzi usiku na siku za mapumziko? Upasuaji hufanyika hapa au Kitale? Damu ya kuongezwa ipo? Gari la wagonjwa huitwa kwa nambari ipi, na huchukua muda gani kufika?

Majibu ya maswali hayo ndiyo yanayopaswa kuamua. Mwenye mimba isiyo na dalili za hatari anaweza kutosheka na kituo cha karibu chenye huduma za msingi na njia ya haraka ya rufaa. Aliyewahi kupasuliwa, au mwenye mapacha au shinikizo la damu, anafaa kupangiwa tangu mwanzo hospitali yenye chumba cha upasuaji, hata kama inamlazimu kwenda Kitale siku kadhaa kabla na kukaa kwa jamaa.

Kuna pia mama aliyeolewa Kachibora lakini mkunga anayemwamini yuko kwao Bungoma. Akifunga safari ya matatu katika mwezi wa tisa, akapita Kitale na Kiminini ili ajifungulie kwa mama yake, atakuwa amezipita hospitali kadhaa kumfuata mtu mmoja. Safari ya aina hiyo ndiyo iliyowapa akina Wangila jina lao.

Mkunga apewe nafasi gani?

Serikali nyingi zimehangaika na swali hili. Katika miaka ya 1970 na 1980, mashirika ya kimataifa yaliunga mkono mafunzo mafupi kwa wakunga wa jadi. Baadaye ilidhihirika kwamba mafunzo hayo peke yake hayakupunguza vifo kwa kiwango kilichotarajiwa, kwa kuwa mkunga aliyefunzwa bado hakuwa na damu, dawa wala gari. Msisitizo ukahamia kwa wahudumu wenye ujuzi wa kitaaluma.

Malawi ilijaribu njia ya mkato. Mwaka 2007 iliwapiga marufuku wakunga wa jadi kuzalisha, lakini mwaka 2010 Rais Bingu wa Mutharika akaiondoa marufuku hiyo. Sheria peke yake haikuweza kuzivuta hospitali karibu na vijiji.

Nchini Kenya, katika miaka ya 2000, wilaya kadhaa za uliokuwa Mkoa wa Magharibi, Bungoma ikiwemo, zilishuhudia mpango wa wakunga wa kijamii. Hao walikuwa wauguzi wakunga waliosomea kazi hiyo, wengi wao wastaafu, walioishi vijijini na kuwahudumia akina mama karibu na nyumbani huku wakishirikiana na vituo vya afya. Mpango huo ulijaribu kuunganisha ujuzi wa hospitali na imani ya jirani.

Tangu Septemba 2023, serikali ya kitaifa na za kaunti zimekuwa na wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wanaotembelea maboma wakiwa na mikoba ya vifaa, kipimo cha shinikizo la damu kikiwemo. Kazi yao mojawapo ni kuwatambua wajawazito na kuwaelekeza kliniki.

Mkunga wa jadi anaweza kuwa mshirika wao mkubwa. Yeye ndiye wa kwanza kuambiwa habari za mimba, mara nyingi hata kabla ya mume. Akimwambia mjamzito aende kliniki, huenda. Akiwaambia wazee wa nyumba kwamba dalili hii si ya kusubiri, watauza mbuzi wapate nauli. Ucheleweshaji ule wa kwanza, wa kuamua, yeye ndiye mwenye uwezo wa kuumaliza.

Zaidi ya hayo, anaweza kumsindikiza mama hospitalini. Mapendekezo ya WHO ya mwaka 2018 kuhusu huduma za kujifungua yanasema kila mama anastahili kuwa na mtu amtakaye kando yake wakati wote wa uchungu, kuheshimiwa, na kuachwa achague mkao. Hakuna kinachozuia mtu huyo kuwa mkunga wake. Mkono ule ule uliomkanda mgongo nyumbani unaweza kumkanda hospitalini, huku muuguzi akipima shinikizo la damu.

Hospitali zinazofunga mlango na kumwacha msindikizaji nje zinajinyima msaada. Zinazomkaribisha zinapata shahidi mwema atakayerudi kijijini na kusimulia kwamba mama hakufokewa.

Maandalizi kabla ya siku yenyewe

Wataalamu hushauri mjamzito aanze kliniki mapema, katika miezi mitatu ya kwanza, na ahudhurie mara nane kabla ya kujifungua. Kufikia mwezi wa nane, mpango wa kujifungua unapaswa kuwa umekamilika na kujulikana na mume, mama mkwe na jirani.

Mpango huo hutaja kituo kitakachotumika, kituo cha pili endapo cha kwanza kitakuwa na mgomo au kitajaa, mtu wa bodaboda au gari aliyekubali kuitwa usiku, fedha za dharura zilizotengwa, na jamaa wawili walio tayari kutoa damu.

Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya NHIF, na mpango wa Linda Mama ukaingizwa humo kwa jina la Linda Jamii. Kwa hivyo, ni muhimu familia ihakikishe usajili na michango yake imekamilika mapema, ili isije ikaanza kuulizwa maswali ya malipo mama akiwa na uchungu. Hata hivyo, Katiba inasema wazi kwamba hakuna mtu anayepaswa kunyimwa matibabu ya dharura.

Dalili zifuatazo hazingoji mpango wowote: damu kutoka wakati wa mimba, maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa, chupa ya maji kupasuka kabla ya uchungu, na mtoto kuacha kucheza tumboni. Uchungu unaopita saa 12 bila mtoto kuzaliwa nao ni ishara ya kuondoka mara moja. Baada ya kujifungua, kondo lisilotoka kwa nusu saa, au damu inayolowesha kitambaa haraka, ni sababu ya kukimbia bila kusubiri kuche.

Endapo uchungu utamzidi mama akiwa nyumbani, safari ya hospitali bado ni lazima hata mtoto akiwa amezaliwa salama. Saa 24 za kwanza zina hatari kubwa kwa wote wawili, na mtoto anahitaji chanjo zake na taarifa ya kuzaliwa itakayomwezesha kupata cheti.

Uamuzi, basi, haupaswi kuwa wa kumkana mkunga ili kuichagua hospitali. Mkunga anaweza kupanda bodaboda na kumfuata mama hadi wodini, lakini benki ya damu na chumba cha upasuaji haviwezi kubebwa hadi kijijini. Mama wa Kachibora anayeondoka nyumbani mapema, akiwa na mtu anayemwamini kando yake, na kufika penye tiba kabla damu ya kwanza haijamwagika, atakuwa ameyapata yote mawili.

Jukumu linalobaki ni la hospitali na kaunti: kuhakikisha kwamba anapofika usiku huo, mlango uko wazi, dawa ipo, na aliye ndani anampokea kama mkunga wake angempokea.